Hibiskasi au Mafunjo: Uamuzi Unaoanza na Maji ya Ardhini

Mtu anayetaka kupendezesha kona ya bustani, kuficha ukuta au kuziba mwanya unaowaruhusu wapita njia kutazama ndani, mara nyingi hujikuta akipima mimea miwili isiyo na undugu wowote: hibiskasi, kichaka chenye maua makubwa yanayoonekana kutoka mbali, na mafunjo, mmea mrefu wa ardhi oevu ambao mashina yake ya kijani hubeba vishungi vya nyuzi laini kileleni. Mimea yote miwili hupenda joto na jua, hukua haraka na hufikia kimo kinachompita mtu. Ufanano huo ndio unaowapotosha wengi, kwa sababu hulinganisha sura na urefu na kusahau kwamba tofauti kubwa iko chini ya ardhi, mahali ambapo mizizi hupata au hukosa hewa. Kwa maoni yangu uamuzi huu uanze na shimo la kupimia maji, na masuala ya rangi, kimo na matunzo yafuate baadaye.

Ni vyema kwanza kubainisha mimea yenyewe, kwa kuwa kila mmoja una jamaa zake wanaochanganywa nao. Hibiskasi inayozungumziwa hapa ni ile ya kitropiki, Hibiscus rosa-sinensis, iliyopewa jina hilo la kisayansi na mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Carl Linnaeus, mwaka 1753 na ambayo Malaysia iliichagua kuwa ua la taifa mwaka 1960. Imo katika ukoo mmoja na bamia na pamba, na yeyote aliyewahi kulitazama ua la bamia ataitambua mara moja: petali tano pana, na katikati mhimili mrefu uliobeba chavua. Isichanganywe na rozela, Hibiscus sabdariffa, ambayo hupandwa kwa ajili ya vikombe vyekundu vya maua vinavyotengenezewa kinywaji, kwani hiyo ni mmea wa msimu mmoja na haiwezi kutegemewa kuwa uzio wa kudumu.

Mafunjo ni Cyperus papyrus, mmea wa ukoo wa ndago wenye asili ya Afrika, ule ule uliowapa Wamisri wa kale karatasi zao. Wengi huyaita matete, lakini matete ni ya ukoo wa nyasi, na mashina yake ni ya mviringo, yana vifundo na ni matupu ndani, ilhali shina la mafunjo lina pembe tatu, halina kifundo hata kimoja na limejaa uboho mweupe mwepesi. Anayetaka kupanda ni lazima aijue tofauti hii, kwa sababu ncha za mashina ya matete yanayotambaa chini ya udongo ni kali kiasi cha kutoboa plastiki iliyotandikwa ndani ya bwawa, na aina moja ya matete iliyotoka Ulaya na Asia, Phragmites australis, imesambaa katika ardhi oevu za Amerika Kaskazini hadi kusukuma nje mimea ya asili. Kwa bustani ya nyumbani sioni sababu ya kuchagua matete pale ambapo mafunjo yanaweza kupatikana.

Maji na hewa kwenye mizizi

Mizizi ya mmea wowote huhitaji oksijeni ili ifanye kazi, na katika udongo wa kawaida oksijeni hiyo hupita kwenye nafasi ndogo zilizo kati ya chembechembe za udongo. Maji yakijaza nafasi hizo na kutuama, hewa hukatika karibu kabisa, kwa kuwa oksijeni husambaa ndani ya maji kwa kasi ndogo takriban mara 10,000 kuliko inavyosambaa hewani. Vijidudu vya udongoni humaliza haraka kiasi kidogo kilichobaki, na mizizi isiyo na njia nyingine ya kupumua huanza kufa. Mizizi iliyodhoofika namna hiyo hushambuliwa kwa urahisi na vimelea vinavyosababisha uozo, ambavyo hustawi katika unyevu mwingi.

Hibiskasi iko katika kundi la mimea isiyostahimili hali hiyo. Inapenda maji, tena mengi wakati wa joto kali, lakini inataka maji yanayopita na si yanayokaa. Dalili ya kwanza ya mizizi kukosa hewa huwadanganya hata watunza bustani wazoefu: majani huwa ya manjano na kulegea, sawasawa na mmea wenye kiu, kwa sababu mizizi iliyoanza kuoza haiwezi tena kuvuta maji ingawa yamejaa pande zote. Mwenye bustani anapoona majani yamenyong'onyea huongeza maji, na kwa kufanya hivyo huharakisha kifo cha mmea. Kabla ya kuimwagilia hibiskasi iliyolegea, ingiza kidole kwenye udongo hadi kina cha sentimita tano hivi; ukikuta unyevu wa kutosha, tatizo si kiu.

Mafunjo yametatua shida hiyo kwa maumbile yake. Uboho wa shina una vyumba vingi vya hewa vinavyoungana, na hewa hushuka kwa njia hiyo kutoka sehemu za juu hadi kwenye rizomu, yaani shina nene linalotambaa ndani ya matope, na kutoka hapo hadi kwenye mizizi. Kwa hiyo mmea unaweza kusimama katika matope yasiyo na oksijeni kabisa huku mizizi yake ikiendelea kupumua. Hewa hiyo hiyo ndiyo inayoyafanya mashina yaelee: mwaka 1970 msafiri wa Norwe Thor Heyerdahl na wenzake walivuka bahari ya Atlantiki kutoka Moroko hadi Barbados kwa siku 57 wakiwa ndani ya Ra II, chombo kilichotengenezwa kwa mafunjo yaliyofungwa pamoja. Ila mpango huu wa maumbile una gharama yake. Mmea uliojengwa kwa ajili ya maji haukujiandaa kwa ukame, na mafunjo yaliyopandwa kwenye udongo unaokauka huanza kukunja vishungi, ncha zake hugeuka kahawia, na mashina mapya hutoka mafupi na membamba hadi kundi zima linapokwisha.

Kutokana na hayo, kipimo cha shimo kina thamani kuliko ushauri wowote utakaopewa na muuza miche. Chimba shimo lenye kina na upana wa sentimita 30 mahali hasa unapokusudia kupanda, lijaze maji, na uyaache yaishe kabisa ili udongo wa pembeni ulowe. Kisha lijaze tena na upime maji yanavyoshuka kwa kila saa. Yakishuka kati ya sentimita 2.5 na 10 kwa saa, hapo ni mahali pa hibiskasi bila wasiwasi. Yakishuka chini ya sentimita 2.5, hibiskasi itaishi kwa mashaka na huenda ikafa katika mvua ndefu ya kwanza. Ukirudi kesho yake na kukuta maji bado yamo, au shimo likijijaza lenyewe kutoka chini kabla hata hujalimwagia chochote, ardhi imekwisha kukujibu, na jibu ni mafunjo. Maji yakipotea papo hapo udongo wako ni wa kichanga. Hibiskasi itakubali ikiongezewa mboji na matandazo, lakini mafunjo hayatakaa hapo isipokuwa ndani ya beseni au bwawa lisilovuja. Inafaa kipimo hiki kifanywe wakati wa mvua, kwa sababu kona inayoonekana kavu na salama wakati wa kiangazi inaweza kuwa dimbwi miezi michache baadaye.

Kinachoonekana kwa macho

Anayetafuta rangi hatapata kitu kwenye mafunjo. Maua yake ni vitu vidogo vya rangi ya kahawia vinavyojitokeza kwenye nyuzi za kishungi, huchavushwa na upepo, na hayana haja ya kumvutia mdudu wala ndege. Uzuri wake ni wa umbo: mashina yaliyonyooka, ambayo katika mazingira mazuri hufika mita nne au tano, na vishungi vinavyotikisika kwa upepo mdogo na kutupa kivuli chepesi juu ya maji. Mashina hayana majani ya kawaida. Majani yamepungua na kubaki magamba ya kahawia chini kabisa, na kazi ya kutengeneza chakula hufanywa na shina lenyewe pamoja na nyuzi za kishungi. Ndiyo sababu sehemu ya chini ya kundi la mafunjo huonekana wazi, na mtu anayetaka uzio usiopenyeka kwa macho kuanzia ardhini hataupata hapo. Wakati huohuo, kwa mtu anayetaka kuvunja ukali wa ukuta mrefu bila kuziba upepo, mafunjo yana faida ambayo kichaka kizito hakina.

Hibiskasi hutoa kile kinachotarajiwa, yaani maua ya rangi nyekundu, waridi, manjano, chungwa au nyeupe, moja moja au yenye petali nyingi zilizokunjana, na majani ya kijani yanayong'aa kuanzia karibu na ardhi. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi ni kwamba ua moja kwa kawaida huishi siku moja tu: hufunguka asubuhi na kujikunja jioni, ingawa baadhi ya aina zilizochanganywa na wataalamu hudumu siku mbili au tatu. Kichaka huonekana kimechanua daima kwa sababu kila siku matumba mengine hufunguka, na hilo hutegemea ukuaji mpya, maana maua hutoka kwenye machipukizi ya karibuni. Hapa ndipo wengi huharibu uzio wao wenyewe. Wakiukata kwa mkasi kila baada ya wiki mbili ili uwe na kingo zilizonyooka, huondoa ncha zote ambazo zingetoa matumba, wakabaki na ukuta mzuri wa majani usio na ua hata moja. Anayetaka maua na awe tayari kuvumilia kichaka kisichonyooka sana. Apogoe tawi moja moja, theluthi moja ya matawi kwa wakati mmoja, na kuyapa mengine nafasi ya kuchanua.

Kuhusu viumbe wanaovutwa, hibiskasi ina nafasi ya juu katika bustani ndogo. Vipepeo hufuata nekta yake, na vilevile ndege aina ya chozi katika Afrika na Asia na ndege-mvumaji katika Amerika. Mafunjo huwapa makazi ndege wa aina nyingine kabisa, na katika vinamasi vikubwa vinavyozunguka Ziwa Viktoria kuna ndege wanaoishi ndani ya mafunjo na karibu si mahali pengine popote. Lakini ndege hao huhitaji eneo kubwa la kinamasi, na mwenye beseni moja uani asiwatarajie. Atakachopata ni kereng'ende, vyura na ndege wadogo wanaochuma nyuzi za kujengea viota, na hilo nalo si haba.

Kazi ya kutunza

Upande wa wadudu mafunjo ni mepesi zaidi, na sitasita kusema hivyo. Hibiskasi hushambuliwa na vidukari, inzi weupe, utitiri mwekundu na vidung'ata, na mmoja wao, kidung'ata wa rangi ya waridi anayeitwa Maconellicoccus hirsutus, alileta hasara kubwa katika visiwa vya Karibi baada ya kuonekana Grenada mwaka 1994, hadi maadui wake wa asili walipoingizwa kumdhibiti. Katika bustani ya kawaida wadudu hawa hupunguzwa kwa kunyunyizia maji yenye nguvu chini ya majani na kwa kutumia sabuni laini iliyochanganywa na maji, jioni jua likiwa limepungua. Kinachotakiwa ni kukagua sehemu za chini za majani mara kwa mara, kwani mashambulizi yakigunduliwa mapema hayahitaji sumu kali inayoua pia wadudu wenye manufaa.

Mbolea isiwasumbue watu sana. Hibiskasi hula vizuri, ila haipendi fosforasi nyingi, hivyo zile mbolea zinazouzwa kwa sifa ya kuongeza maua, ambazo mara nyingi zimejazwa fosforasi, si chaguo zuri kwake. Mboji pamoja na mbolea yenye potasiamu ya kutosha hufanya kazi vizuri zaidi. Mafunjo hujilisha kwenye matope.

Kazi ya mafunjo ni kukata mashina yaliyozeeka. Kila shina huishi muda wake, hugeuka kahawia na halichipui tena, na ni lazima likatwe chini kabisa karibu na rizomu, kwani likikatwa katikati hubaki kisiki kinachooza na kuchafua sura ya kundi zima. Vilevile kila baada ya miaka michache rizomu hujaza chombo na kukipasua, na hapo inabidi kundi litolewe na kugawanywa kwa msumeno au panga, kazi nzito, yenye matope, inayomtaka mtu mwenye nguvu au msaidizi. Vipande vilivyogawanywa vikiwa na machipukizi hupandwa upya na, katika joto, hufikia kimo kamili ndani ya msimu mmoja. Hibiskasi huongezwa kwa vipande vya matawi vyenye urefu wa sentimita 10 hadi 15 vilivyopandwa kwenye mchanganyiko wenye unyevu usiotuama, na huhitaji subira zaidi kabla ya kuwa kichaka.

Jambo moja kuhusu maji yaliyo wazi halipaswi kupuuzwa. Beseni au bwawa la mafunjo lisilo na samaki wala mzunguko wa maji ni mazalia ya mbu. Ama weka samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, ama jaza chombo kwa udongo na kokoto hadi maji yasionekane juu, yakibaki sentimita chache chini ya uso wa kokoto. Mafunjo yatastawi hivyo hivyo, na mbu hawatakuwa na mahali pa kutagia. Kama huwezi kutimiza mojawapo ya masharti haya mawili, chagua hibiskasi.

Kuenea na kusafisha

Hibiskasi hukaa pale ilipopandwa. Aina nyingi za bustani ni mazao ya kuchanganya mbegu kwa vizazi vingi na hutoa mbegu kwa nadra, kwa hiyo hofu ya kusambaa ovyo ni ndogo. Mafunjo yana tabia tofauti: rizomu hutambaa, vipande hukatika na kuelea, na mahali pengine hujenga visiwa vinavyoelea kama vile vya kinamasi cha Sudd katika Sudan Kusini, ambavyo kwa karne nyingi vimekuwa kikwazo kwa vyombo vinavyopita mto Nile. Nje ya nchi za asili yake, mafunjo yasipandwe karibu na mto, ziwa au mfereji unaomwaga maji katika ardhi oevu ya asili. Yawekwe ndani ya chombo au bwawa lililofungwa pande zote, na mabaki ya kupogolea yasitupwe majini.

Tabia hiyo ya kukua kwa pupa ina manufaa pia. Tangu mtafiti Käthe Seidel alipofanya majaribio yake nchini Ujerumani katika miaka ya 1950, mimea ya ardhi oevu imetumiwa kusafisha maji yaliyotumika, na mafunjo ni miongoni mwa mimea inayofaa kazi hiyo katika nchi za joto. Inafaa kueleweka kwamba sehemu kubwa ya usafishaji hufanywa na bakteria wanaoishi juu ya mizizi na kokoto, huku mmea ukiwapa mahali pa kukaa na oksijeni kidogo, na wenyewe ukivuta naitrojeni na fosforasi. Virutubisho hivyo huondoka tu mashina yanapokatwa na kupelekwa kwingine. Yakiachwa yaoze palepale, hurudi majini. Maji ya kunawia na kuoshea vyombo yanaweza kupitishwa kwenye kitanda kidogo cha kokoto na mafunjo, lakini maji ya chooni yanahitaji mfumo uliobuniwa na mtaalamu. Hibiskasi haina kazi ya namna hiyo, na maji yenye chumvi nyingi za sabuni ya unga huunguza kingo za majani yake.

Pale ambapo ardhi haijaamua

Baridi kali ni adui wa mimea yote miwili. Hibiskasi hupunguza ukuaji joto linaposhuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi na hufa kwa barafu. Mafunjo hupoteza mashina yake kwa barafu, ingawa rizomu iliyokingwa huweza kuchipua tena. Anayeishi penye majira ya baridi atahitaji vyungu vya kuingiza ndani, na hapo hibiskasi ina nafuu kubwa, kwa kuwa chungu chake ni chepesi na dirisha lenye jua linaitosha, wakati mafunjo ya mita tatu ndani ya beseni lililojaa maji ni mzigo usiobebeka. Kwa nafasi ndogo, aina fupi za mafunjo, au jamaa yake Cyperus alternifolius anayefahamika kwa vishungi vyenye umbo la mwavuli, hutosheleza haja hiyo bila kufika darini.

Kipo pia kisa cha mtu ambaye ardhi yake ni ya majimaji lakini moyo wake uko kwenye maua. Badala ya kuilazimisha hibiskasi ya kitropiki iingie kwenye matope, anaweza kuinua tuta lenye kimo cha sentimita 30 hadi 50 na kuipanda juu yake, ilimradi maji hayatalifunika tuta hilo. Njia nyingine, ninayoipendelea kwa sababu haishindani na ardhi, ni kutafuta hibiskasi za kinamasi. Hibiscus coccineus na Hibiscus moscheutos, zote za Amerika Kaskazini, huota kwa asili penye unyevu mwingi na hutoa maua makubwa, ingawa matawi yake hufa kila mwaka na kuchipua upya kutoka chini. Afrika nayo ina Hibiscus diversifolius, yenye maua ya manjano yenye kitovu cheusi na miiba midogo kwenye matawi, ambayo huota kando ya mito na vinamasi.

Na kama eneo lina mteremko, lenye maji chini na ukavu juu, mimea yote miwili inaweza kuwekwa, hibiskasi upande wa juu na mafunjo kwenye bonde, huku nafasi ya mita mbili au zaidi ikiachwa katikati. Nafasi hiyo ifukuliwe kwa jembe mara moja au mbili kwa mwaka na kila chipukizi la rizomu linaloelekea juu likatwe, na hibiskasi ya mwisho ipandwe pale tu ambapo shimo la kupimia lilionyesha maji yanashuka vizuri hata baada ya mvua.